Ukitaka machweo, nenda mashariki

Mgeni akifika Unguja huambiwa mapema kwamba machweo ni Forodhani, Kendwa na Nungwi. Pwani ya mashariki, kuanzia Makunduchi kupitia Jambiani na Paje hadi Bwejuu, inasifiwa kwa macheo tu, na wenyeji wake wenyewe wameshaukubali usemi huo. (Kae, huko Michamvi, ni kesi nyingine kwa sababu imeielekea Ghuba ya Chwaka.)

Mimi naupinga. Kama unalitaka jua lenyewe, sawa, nenda Nungwi. Ngalawa itapita mbele ya jua kama ilivyopita jana, na picha yako itafanana na ya aliyesimama kulia kwako. Lakini kama unataka kupiga picha za majani ya porini, haya tunayoyaita magugu, jua likiwa nyuma yake, sijaona mahali panapozidi nyuma ya vijiji vya mashariki, pale mchanga unapokwisha na uwanda wa mawe unapoanza.

Siri yake ni giza. Jani linalomulikwa kwa nyuma huwaka endapo kilicho nyuma yake kina kivuli. Nungwi nyuma ya jani kuna bahari na mbingu, vyote vinang'aa, simu inaupunguza mwanga na jani linatoka jeusi tii. Jambiani unaipa bahari mgongo. Mbele yako kuna vichaka, na ubavu wa kichaka unaokutazama ndio ambao jua haliufikii. Basi jani lolote lililojitokeza mbele ya kivuli hicho, hata liwe limetobolewa na wadudu, linawaka peke yake.

Mwanga wa saa hiyo umepita kwenye hewa nyingi zaidi, buluu imetawanyika njiani, na kinachotufikia kina unjano na wekundu. Jani nalo linajibakizia sehemu kubwa ya mwekundu kwa ajili ya chakula chake. Kinachotokea upande wa pili ni kijani chenye unjano ambacho saa sita mchana hukioni kabisa, kwa sababu mchana unatazama ngozi ya jani, mwanga ukigonga na kurudi.

Chukua mlakasa, ule unaotambaa juu ya mchanga. Watu hulifuata ua lake la zambarau, na jioni wanalikuta limeshajifunga. Wewe fuata jani. Lala kifudifudi upande wa baharini, lenzi iwe chini kuliko jani, utauona mshipa wa kati ukigawanyika mpaka kwenye ule mpasuko wa ncha, na michanga iliyonata juu yake ikionekana punje kwa punje. Hoteli nyingine huung'oa mlakasa ili ufuo uonekane msafi, halafu mchanga ukianza kuondoka wanajenga ukuta. Hilo lina makala yake.

Kishonanguo nacho, ambacho kila mtoto amekilaani akichambua suruali ya shule, jioni kinaonyesha silaha zake. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kwenye ncha, na kila mwiba una vijiba vidogo vilivyogeuka nyuma. Ukilipata jua nyuma ya kichwa kizima cha mbegu, utaelewa kwa nini hakitoki nguoni.

Lakini mfalme wa jioni ni upupu. Najua. Hata kuuandika kunawasha. Ganda lake lililokauka limefunikwa vinywele vya rangi ya dhahabu vilivyosimama vizito, na mwanga ukitoka nyuma kila kinywele kinaushika, mpaka ganda lenyewe linakuwa jeusi na ukingo wake wote unawaka. Hakuna ua la bustanini linalofanya hivyo. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni alinikuta nimechuchumaa mbele yake.

"Upupu huo, mwanangu!"

"Nauona, bibi."

"Unauona, na bado umeusogelea?"

Nilimweleza kuhusu upepo. Kusi huku hutokea kusini-mashariki na kaskazi kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukilitazama jua la jioni kwa kawaida upepo uko mgongoni kwako, na vinywele vinavyopeperuka vinakwenda mbele, mbali nawe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikifika nyumbani nioge.

Upepo huohuo ndio adui wa kila kitu kingine. Waulize wanaorusha matiara yao ya baharini pale Paje. Mimi hushika shina kwa mkono wa kushoto, chini ya sehemu inayoonekana, na kupiga kwa kulia. Upupu haumo kwenye kanuni hii.

Simu yoyote inafaa, ilimradi uifute lenzi. Lenzi yenye mafuta ya mandazi ikitazamana na jua hutoa ukungu mweupe picha nzima. Kivuli cha kiganja juu ya lenzi kinasaidia, au ulifiche jua nyuma ya bua. Gusa jani kwenye kioo, kisha shusha mwangaza mpaka kichaka cha nyuma kiwe cheusi. Simu itang'ang'ania kukionyesha, maana imefundishwa kuogopa giza. Usiikubalie. Na rangi ya machungwa ya kuongeza kwa programu iacheni, jamani. Jua limeshaipaka.

Tatizo la kweli ni muda. Tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua letu halizami kwa mshazari, linadondoka. Mwaka mzima huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni hivi, ila mashariki linaingia nyuma ya vichaka mapema zaidi, kwa hiyo anza saa 11:30. Juni linazama kaskazini kidogo ya magharibi na Disemba limehamia kusini, ndiyo maana kichaka kilichokupa picha wakati wa kusi kinaweza kukunyima wakati wa kaskazi. Adhana ya Magharibi ikisikika, mwanga wako umekwisha na msikiti unakuita.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliniomba picha kubwa ya machweo ya kutundika chumbani. Nikampelekea ganda la upupu. Akaisifu, akaulizia bei ya fremu, akasema ile dhahabu itaendana na mapazia. Kisha akauliza ni mmea gani. "Mie nitundike upupu juu ya kitanda cha mgeni?" Alichukua ya mlakasa, na ile ya upupu akaniomba aiweke ofisini kwake, pale wanapokaa wanaomdai.