Gari Limenizidi Chumba

Kupaki gari Posta, katikati ya Dar es Salaam, ni adhabu, jamani, na siku hizi unachagua aina: uchomwe jua kwenye kiwanja cha wazi au uzungushwe ghorofani mpaka kizunguzungu.

Kiwanja kwanza. Mlinzi anakupungia, "Njoo, njoo, kata yote, hapohapo!" na hapohapo bampa la mtu limeshalia. Halafu anakuamuru uache nyutro, akija mwingine akusukume. Ukirudi saa nane, usukani haushikiki kwa moto, na gari limehama bila idhini yako; liko ubavuni kwa mama ntilie, linanuka kibua. Palikuwa na nyumba pale, watu wakiishi. Imevunjwa, mwenyewe anasubiri ardhi ipande bei, sisi tunamlindia kwa kulipia.

Haya, ghorofani. Kivuli kipo, sikatai, na afadhali magari yabebane kuliko kutandazwa mji mzima. Lakini hizo rampu! IST yangu inapanda ikikohoa, nyuma kuna prado inanipigia honi kama imebeba mgonjwa. Nguzo nazo zimepandwa palepale unapotaka kufungua mlango, unatokea kwa mlango wa abiria, tai shingoni. Na ukishangaa bei, unaambiwa zege ni ghali. Kwani nani alisema kujenga nafasi moja juu kunalingana na kumwaga kokoto chini? Ila mbona zege lao nalilipa mimi?

Kinachoniuma zaidi ni hesabu. Gari moja linalala kwenye kama mita 2.5 kwa 5. Weka na njia za kupita na kugeuzia, unafika mita za mraba 25 mpaka 30. Chumba changu Manzese ni mita 3 kwa 3. Tisa! Humo tuko watu wanne na friji.

Usiniambie nipande basi la mwendokasi. Asubuhi likifika Manzese limeshashiba tangu Kimara, waliomo wanapumua kwa zamu.

Eti Chicago kuna minara pacha ya miaka ya 1960, Marina City, ghorofa 19 za chini ni za magari. Yamepangwa yanatazama nje, mengine mtoni! Dirisha langu mimi linatazama choo cha jirani.

Kesho nakuja na godoro. Mlinzi akiuliza, tiketi ninayo, nimelipia mpaka saa kumi na mbili.