Siri ya Belém na Kikombe cha Mamangu

Mamangu alianza kupika mkate wa mayai kabla sijazaliwa, na sikumbuki siku hata moja aliyostaajabia andazi la mtu mwingine. Akipewa sahani arusini humega kidogo, akatafuna polepole, kisha akasema "masha Allah" kwa ile sauti ambayo sisi wanawe twajua maana yake: iliki imezidi. Kwa hiyo nilipomwona Lisbon, amesimama mlangoni mwa jiko la watu, mkoba kwapani na unga umeruka hadi kwenye buibui, akimkodolea macho kijana wa Kireno anayebonyeza unga kwa dole gumba, nilijua nauli yetu haikwenda bure.

Tulikwenda kwa sababu mdogo wangu alikuwa anahitimu masomo. Tulikuwa watano: mamangu, mume wangu, wanangu wawili na mimi. Mombasa hadi Istanbul, Istanbul hadi Lisbon, na begi moja zima la mamangu lilikuwa visheti na achari ya maembe, eti huko hakuna chakula. Tulipanga nyumba Mouraria, mtaa ulioachiwa Waislamu baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147. Siku hizi maduka mengi ya upande ule ni ya Wabangla, na nyama halali haikutusumbua.

Mume wangu ni mwalimu wa historia. Lake lilikuwa moja tu, kuliona kaburi la Vasco da Gama. Ndiyo, huyo huyo aliyetia nanga kwetu Aprili 1498, akaona mambo si mambo, akajiendea Malindi. Wenzake walikuja 1505 wakauchoma mji, na 1528 wakaja tena. Basi tukapanda tramu hadi Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, tukaingia kanisa la watawa wa Jerónimos, jumba ambalo sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa kwa ushuru wa viungo na bidhaa za Bahari ya Hindi. Mamangu alilitazama lile jiwe alilolalia mtu wa mawe, mikono kifuani. "Haya," akasema, "kumbe na yeye alikufa." Akatoka nje kutafuta pa kukaa.

Nje ndiko tulikokuta foleni. Si ya kaburi. Kaburi lilikuwa na watu wachache tu. Foleni ilikuwa ya duka la maandazi lililo hatua chache kutoka hapo, lenye vigae vya buluu na nyeupe ukutani, na limekuwapo tangu 1837. Wanauza kitu kidogo, duara, kinaenea kiganjani: pembeni ukoko wa magamba magamba, katikati krimu nzito ya viini vya mayai, juu kimeungua madoa meusi. Duka hilo hukiita *pastel de Belém*. Kwingine kote Ureno ni *pastel de nata*. Watawa ndio waliokuwa wakikipika, na serikali ilipofunga nyumba zao mwaka 1834 upishi ukahamia dukani. Mpaka leo wanaojua vipimo vya duka lile ni watu wachache, na huchanganya mambo yao ndani ya chumba kilichofungwa.

Nilimweleza mamangu hayo yote kwa furaha ya mtu aliyesoma kijitabu cha watalii. Nilikosea.

"Siri?"

"Ndiyo, mama. Siri."

"Mimi sili kitu cha siri. Nitajuaje hakina nguruwe?"

Na hapo hakuwa na wasiwasi wa bure. Wareno wana tamutamu zinazotiwa mafuta ya nguruwe, na moja jina lake ni "mafuta ya nguruwe ya mbinguni". Basi tukarudi mjini hatujaonja, watoto wamenuna kama waliofungishwa Ramadhani kwa nguvu.

Keshoye mdogo wangu akatupeleka kwenye duka dogo karibu na tulipopanga. Alimuuliza mwenye duka kwa Kireno, na yule bwana badala ya kujibu akatufungulia mlango wa jikoni na kutuonyesha bunda la siagi. Hapo ndipo mamangu aliposahau miguu inayomuuma.

Kijana alisukuma unga, akapaka siagi, akakunja, akasukuma tena, akapaka tena, kisha akauviringisha kama jamvi. Akakata vipande, kila kipande akakisimamisha ndani ya kikopo cha bati, akachovya dole gumba kwenye maji, akabonyeza kutoka katikati kwenda ukingoni hadi unga ukapanda wenyewe.

"Hii ni chapati," mamangu akasema.

Nikamwambia asiseme hivyo, watatusikia. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa amesema kweli: kupaka mafuta, kuviringisha, kusimamisha, kubonyeza, ndivyo tunavyozitoa tabaka sisi pia. Krimu nayo ni shira ya sukari iliyochemshwa na ganda la limau na kijiti cha mdalasini, maziwa yenye unga kidogo, halafu viini. Kisha joko kali, zaidi ya nyuzi 250, ndio maana juu kunaungua kabla chini hakujakauka. Alipoona yale madoa meusi mamangu alitikisa kichwa kama fundi anayemtambua fundi mwenzake. "Wamepalia," yaani wametia moto juu.

Aliuliza jambo moja tu: weupe wa mayai unakwenda wapi? Mwenye duka akacheka. Husemwa kuwa zamani watawa walitumia weupe kutilia ugumu mavazi yao, viini vikabaki vingi, ndipo vikaingia kwenye sukari. Kwa mtu aliyetia kanji kofia za vito za marehemu babangu miaka thelathini, hiyo ilikuwa hadithi ya kueleweka kabisa.

Akala vitatu. Hakusema "masha Allah".

Tangu turudi nimekuwa nikiifikiria ile siri ya Belém, na mawazo yangu hayafanani na ya mamangu. Sioni ubaya wa kuficha upishi. Mapishi ya watu wetu wa Mji wa Kale yamejaa kufichana: nani atakupa kipimo chake cha halua? Ninachowaonea wivu wale Wareno ni kwamba tangu 1837 hakuna aliyeondoka na siri yao kabla ya kumkabidhi mwingine. Kwetu kulikuwa na mama mmoja Kibokoni, vileja vyake vilikuwa vikigusa ulimi tu vimemomonyoka. Alifariki. Leo nyumba ile ikiwa na wageni, binti zake hununua vileja vya pakiti. Hawakuuliza, naye hakusema, kila upande ukidhani wakati upo.

Halafu kuna bei. Lisbon tulilipa zaidi ya euro moja kwa kitu kinachokwisha kwa meno matatu, na hakuna aliyeomba apunguziwe. Mamangu mwezi wa Ramadhani huletewa mayai na wateja wenyewe, hupalia makaa tangu alasiri, na bado ataambiwa, "Mama, si utatupunguzia, sisi watu wa nyumbani." Hapo sina la kuongeza ila hasira.

Jumamosi iliyopita alijaribu. Joko langu la gesi halikufika moto ule, akalitukana, akateremka uani na kupalia kwa makaa ya vifuu. Vinne vya kwanza vikawa mkaa mtupu. Vya pili vilitoka na madoa yale yale. Nilipoonja nikakuta iliki.

"Mama, wale hawatii iliki. Wanatia mdalasini."

"Kwani Mreno alikuja huku kutafuta nini?"

Jirani akachungulia kwa harufu, akapewa kimoja, akakila amesimama mlangoni, akauliza kinaitwaje na kinapikwaje. Mamangu akapangusa mikono kwa leso.

"Hiyo ni siri."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na daftari la mwanangu, nimeshaandika viini saba, sukari kikombe kimoja, maziwa vikombe viwili. Ila kikombe chenyewe ni kile cha buluu kilichovunjika mkono, na sijui kinaingia kiasi gani.