Mwamba wa pweza ukifungwa, nani anangoja?

Bamvua likifika, kusini mwa Unguja maji hutoka mbali na mwamba hubaki wazi kwa saa chache. Niliwahi kumfuata shangazi yangu huko, yeye na viatu vyake vya plastiki, nondo nyembamba mkononi. Macho yake hayamtafuti pweza mwenyewe, maana pweza hujigeuza rangi ya jiwe. Anatafuta taka zake: maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni mwa shimo. Akiyaona, anachomeka nondo. Pweza anaikumbatia, shangazi anavuta taratibu, kisha anakigeuza kichwa chake nje ndani kama soksi, na mnyama analegea. Siku hiyo alirudi na wawili. Mmoja aliuzwa, mmoja tulimla.

Ninamtaja kwa sababu mjadala wa kufunga miamba ya pweza husemwa zaidi kwa kilo na asilimia. Vijiji kadhaa vya mwambao wetu, Kisiwa Panza kule Pemba na Kizimkazi huku Unguja vikiwemo, vimejaribu utaratibu huu: kijiji kinakubaliana kuacha sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kamati inalinda, na siku ya kufungua watu wanashuka kwa pamoja.

Wanaounga mkono wana hoja nzito, na mimi ni mmoja wao. Pweza tunayemvua hapa haishi muda mrefu, mwaka mmoja na ushei tu, lakini hukua kwa kasi kubwa. Aliyeachwa leo akiwa mdogo, baada ya miezi michache uzito wake umeshaongezeka maradufu. Tanzania Bara kanuni zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, lakini anayechokoa shimo haoni uzito wa aliyemo mpaka amtoe, na akishamtoa amekwisha kumjeruhi. Kufunga mwamba kunafanya kazi ambayo mizani ya mnunuzi haiwezi. Jike naye hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai shimoni bila kula, yakianguliwa anakufa. Ukimtoa kabla, umetoa na kizazi chake chote.

Ushahidi mkubwa unatoka kwa jirani zetu wa Madagaska. Kijiji cha Andavadoaka kilifunga eneo lake la kwanza mwaka 2004, na vijiji vingine vikafuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima mifungo 36, ulikuta kwamba katika mwezi baada ya kufungua, pweza waliovuliwa katika maeneo hayo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata kila mvuvi kwa siku kikapanda kwa karibu asilimia 90. Mapato ya vijiji hayakushuka kwa kiasi cha kuonekana wakati wa kufunga. Takwimu hizi zimezunguka mwambao mzima, na ndizo zinazosomwa kwenye mikutano.

Kuna jambo moja ambalo halisomwi mara nyingi pamoja nazo. Kule kila mara ilifungwa takriban sehemu moja ya tano tu ya eneo la kijiji la kuvulia pweza. Sehemu nne zilibaki wazi. Ndiyo maana mapato hayakuanguka.

Hapo ndipo wanaopinga wanapopata hoja yao, na naona hawasikilizwi ipasavyo. Moja ya tano ya kijiji si lazima iwe moja ya tano ya kila mtu. Mwanamume mwenye ngalawa na miwani ya kuzamia akifungiwa mwamba wa karibu, anakwenda wa mbali. Shangazi yangu anakwenda kwa miguu, na maji yakipwa anafika mwamba mmoja tu. Ukifungwa huo, kwake si moja ya tano, ni kila kitu, kwa miezi mitatu. Halafu siku ya kufungua ikifika, pweza wakubwa wapo kwenye kina, wazamiaji wanawatangulia, wageni wanatoka vijiji vingine, na mnunuzi akiwa ni mmoja bei inashuka mchana huohuo. Aliyengoja zaidi ndiye anayepata kidogo.

Kuna na hoja ya mwamba wenyewe. Miezi ya kupumzika huwapa matumbawe nafuu: hayakanyagwi, mawe hayapinduliwi, mashimo hayavunjwi kwa nondo. Lakini mamia ya watu wakishuka asubuhi moja, wanaweza kuyarudisha nyuma kwa saa tatu. Na mahali panapofungwa pweza pekee, huku nyavu za kukokota zikipita juu ya mwamba uleule, sioni kwa nini paitwe hifadhi. Pweza huwala kaa na kombe, naye ni chakula cha mikunga na samaki wakubwa. Huwezi kumtunza yeye peke yake ukawaacha majirani zake. Hata watoto wake wakishaanguliwa huelea na mkondo kwa wiki kadhaa, huenda wakatua kwenye mwamba wa kijiji kisichofunga kabisa.

Pamoja na hayo yote, mwamba usiofungwa kamwe nimeuona pia, na pweza wake wanatosha kwenye kiganja. Kwa hiyo ningefunga. Lakini ningeanza kwa kuwauliza wanaokwenda kwa miguu wanafika wapi, na sehemu hiyo ningeiacha wazi au ningeifunga kwa zamu, nusu kwa nusu. Na bamvua la kwanza la kufungua ningewapa wao siku mbili kabla ya miwani na ngalawa, na wanunuzi wawili au watatu wawe wamekwisha kuitwa pwani na barafu yao. Shangazi alipoulizwa kwenye mkutano wa shehia kama anakubali kufunga, alijibu kwa swali: "Mnafunga upande upi?" Ramani iliyokuwa mezani haikuonyesha njia anayopita.