Umekuja na Sampuli?

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu wawili, misibani napewa kiti mstari wa mbele, na watu wakigombania mpaka wa kiwanja huitwa mimi. Lakini wiki tatu zilizopita jirani alinikuta uani saa nane za usiku, nimejifunga msuli, mikono juu, namwomba Mungu akate maji Kanyenye nzima, mtaa wetu hapa Tabora.

Jirani akadhani nimerogwa. Sikurogwa. Nilikuwa natafuta mpira wa koki, kile kiduara cha ndani kinachozuia maji.

Marehemu mzee alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli hawakupenda vitu vyepesi. Alipojenga nyumba hii mwaka 1974, uani akafunga koki ya shaba nzito kama jiwe la mizani. Tumboni imeandikwa ENGLAND, na chini yake BS 1010. Nikiwa mtoto nilidhani hiyo ni namba ya kichwa cha treni. Kumbe ni namba ya kiwango cha Waingereza cha kutengenezea koki. Miaka yote hiyo koki ikafanya kazi bila kulalamika sana, kwa sababu tulikuwa tunatumia maji ya bwawa la Igombe, na maji yale, siku yakiamua kuja, yalikuja kwa adabu. Yalikohoa kwanza, yakatema kutu kidogo, ndipo yakatoka, membamba kama uzi wa kushonea.

Kisha tukaletewa maji ya Ziwa Victoria kwa bomba mpaka Tabora. Tukashangilia, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyekumbuka kuitaarifu koki. Maji ya ziwa yanakuja kifua mbele. Ule mpira wa ndani, uliozoea kusukumana na mzee mwenzake, ukapigwa mwereka siku ya kwanza. Koki ikaanza kudondosha maji.

Wahenga walisema chururu si ndondondo. Wahenga hao hawakulala dirisha linalotazamana na koki yangu. Na nyumbani kwangu kila mtu ni daktari wa koki: ikidondosha, anaikaza. Mama Kulwa anaikaza kwa mkono wa kusongea ugali. Mgeni anaikaza kama anamkaba mwizi. Ukikaza mno, mpira unapondeka, halafu shaba inasuguana na shaba, pale mpira unapokalia panachimbika, na wewe umenunua tatizo la pili kwa jasho lako mwenyewe. Nimelieleza hilo mezani mara kumi. Wananisikiliza, wanaitikia, wanatoka nje wanaikaza.

Nikaamua nije na ushahidi. Alfajiri, adhana ilipokwisha, nikatega ndoo ya lita 20. Alfajiri ya pili imejaa hadi mdomoni. Nikamwita mjukuu wangu wa darasa la saba aandike hesabu, nikamsomee bibi yake. Akaandika: siku ina sekunde 86,400, tone moja kila sekunde, matone kama 4,000 ndiyo lita moja. "Babu, uko sahihi, ni lita 21 na kitu." Nikavimba kichwa. Mtoto akaendelea bila kuombwa. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa hiyo koki yako kwa mwezi mzima haimalizi hata uniti moja. "Babu, si uiache tu? Boda ya kwenda mjini na kurudi ni ghali kuliko hayo maji." Watoto wa siku hizi wanafundishwa hesabu, hawafundishwi wakati wa kunyamaza.

Hapa inabidi nikiri jambo. Marehemu mzee aliacha viwanja viwili, baiskeli moja na kopo. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, mfuniko umebonyea. Ndani yake mlikuwa na mipira ya koki ya kila kimo, ameitunga kwenye waya kama dagaa. Mlikuwa na vile vidude vya shaba vinavyobeba mpira, vyenye kichwa na mguu kama uyoga wa masika, mafundi wanaviita jampa. Mlikuwa na nati, katani ya kuzungushia uzi wa bomba, na spindo mbili, vile vijiti vinavyozungushwa na mpini, zimeviringishwa kwenye karatasi iliyopakwa grisi. Koki ikianza kulia, mzee alivuta kigoda, akamwaga kopo juu ya gunia, akachambua kwa kidole kimoja kama anatoa mawe kwenye mchele. Robo saa, koki kimya. Sisi watoto tuliona ni michezo ya uzee.

Alipofariki, viwanja tuligombania miaka minne. Baiskeli aliichukua mjomba kabla ya arobaini. Kopo hakuna aliyelitaka. Nikamuuzia kijana wa vyuma chakavu kwa shilingi elfu tatu, na nikarudi ndani nikiona nimempunja.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue koki mpya? Nilinunua. Mwaka juzi niliweka mpya kwenye sinki la jikoni, zile za kuzungusha robo tu. Inang'aa hadi unaweza kuitazamia ukinyoa ndevu. Nyepesi, niliposhika niliangalia tena ndani ya boksi, nikidhani kuna kitu kimebaki. Ilidumu miezi mitano. Hizi hazina mpira wa kubadilisha, zina katriji, ndani yake visahani viwili vya kauri vinasuguana. Sawa, nikaenda kununua katriji. Kumbe katriji ina meno pale mpini unapokalia. Nyingine meno 20, nyingine 24. Kwa macho yangu haya yote ni meno. Nikaleta ya 24, mpini ukakataa. Nikarudi, nikaleta ya 20, mpini ukakubali, maji sasa ndiyo yakagoma: ukifungua yanafunga, ukifunga yanafunguka. Fundi alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, umenunua ya upande wa maji ya moto. Hizo zinazunguka kinyume." Kwangu mimi maji ya moto yanatoka kwenye sufuria! Mpaka leo koki ya jikoni inafunguliwa kwa kuifunga, na kila mgeni anayeingia kunawa anatoka amelowa kifuani, ananitazama kama nimemfanyia makusudi.

Kwa hiyo hii ya uani nikaapa: mpira tu. Kampira kamoja.

Duka la kwanza la vifaa, jirani na Soko Kuu, kijana akaniamkia vizuri. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, nataka mpira wa koki.

"Umekuja na sampuli?"

"Ya nini? Koki ni ya nusu inchi."

"Mzee, nusu inchi ziko nyingi."

Nikarudi nyumbani na hasira, nikachukua rula ya mjukuu. Nusu inchi ni milimita 12 na nukta saba, hilo nalijua tangu shule. Nikapima upana wa bomba langu pale penye uzi wa kukazia: milimita 21. Nikapima tena nimevaa miwani: 21. Nikaanza kumshuku marehemu mzee, Mungu anisamehe. Fundi mmoja wa Ng'ambo ndiye aliyeniokoa. Akasema hakuna mahali kwenye nusu inchi utakapoweka rula ukapata nusu inchi. Zamani bomba la chuma lilikuwa nene, na tundu la ndani ndilo lililokuwa na upana huo. Unene ukapungua, jina likabaki. Nikamwelewa mara moja. Mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Kijana, ana miaka sabini na moja.

Basi, sampuli. Ili utoe sampuli lazima ufungue koki. Ili ufungue koki lazima ufunge maji kule kwenye mita. Na kule kwenye mita kuna koki ya kufungia koki, ambayo nayo haijaguswa tangu wawekaji waondoke, imeganda, imekuwa kitu kimoja na ardhi. Fundi akaishika, akaiacha. "Mzee, hii nikiilazimisha inabaki mkononi. Subiri maji yakatike."

Jamani! Enzi za Igombe maji yalikatika bila kuombwa. Ukipaka sabuni tu, yamekatika. Sasa mimi nayahitaji yakatike nusu saa, yanatoka usiku na mchana, wiki nzima, ya pili, kwa nguvu ile ile. Majirani wanasifu huduma. Mimi kila asubuhi nafungua koki nikiwa na matumaini, inanirushia maji usoni. Ndipo yakanifika yale ya saa nane za usiku.

Dua ilijibiwa Jumanne. Nikaruka na spana ya mabomba, koki ikalia kama mbuzi wa Idi, ikatoka. Nikaiviringisha kwenye gazeti, nikapanda boda. Tundu la bomba nikaliacha wazi. Hilo mlikumbuke.

Duka la kwanza kijana akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaita wenzake waje waone. Mpira hakuna. Duka la pili wakanipa mpira, nikaujaribu, ukaingia mzima mzima ukapotea mle ndani. La tatu kuna mzee mwenzangu, ameuza vyuma maisha yake yote. Akageuza koki, akasoma ile BS, akatabasamu. "Ndugu yangu, reli ilifika hapa mwaka 1912. Mpira wa hii labda ulishuka na behewa la kwanza." Akanielekeza kwa wauza vyuma chakavu, huenda kuna nyumba ya zamani imebomolewa.

Kwa vyuma chakavu sikumaliza hata salamu. Kijana alinipokonya koki, akaitupa kwenye mizani, akataja bei. Nikamwambia siuzi, nanunua. Akaongeza bei. Nikamwambia mwanangu, hii ni ya marehemu baba. Akasema wote wanasema hivyo, akaongeza tena. Nitasema ukweli, kwa bei ya mwisho nilinyamaza kidogo.

Nikiwa katika kunyamaza huko, watoto wa mtaani wakaanza kupiga kelele: "Maji yamerudiii!" Mji mzima ukachangamka, akina mama wanakimbilia ndoo. Mimi peke yangu mwili ukaingia baridi. Simu ikaita kabla sijaishika.

"Baba Kulwa." Kwa utulivu kabisa. Mwanamke akikuita kwa utulivu namna ile, bora angepiga kelele. "Uko wapi?"

"Niko kwenye mpira."

"Mimi niko kwenye bomba. Nimechomeka gunzi. Nikiliachia linaruka. Nguo za jirani alizoanika zimelowa, kuku wamepanda juu ya paa, na nimeacha maharage jikoni."

"Shikilia hapo hapo, mama."

Kilichofuata kukatwa simu sikisemi, kuna watu wa heshima wanasoma.

Nilirudi sina mpira. Nikakata duara kwenye kandambili yangu ya kulia, nikalipachika, tukarudisha koki tukilowa wote wawili kama tumetoka kuogelea. Kandambili ilivumilia siku tatu, ya nne ikaanza kudondosha kwa kasi zaidi, na mimi natembea na kandambili moja yenye tundu kisiginoni.

Ila katika zile siku tatu kijana wa duka la kwanza alifanya jambo la maana. Siku ile aliipiga picha ile jampa, ameiweka kando ya sarafu ya shilingi mia mbili ili ukubwa uonekane, akamtumia mtu wake mtaa wa Gerezani, kule Kariakoo, Dar es Salaam. Jibu likaja: ipo, mipira yenyewe kabisa, mipya. Lakini hatoi mmoja. Anauza pakiti, na pakiti ni mipira 100. Nikauliza kama anaweza kunikatia hata kumi. Akajibu kwa kicheko kilichoandikwa.

Nikalipa pakiti. Nikalipa mzigo wa basi. Nikalipa boda ya kwenda stendi, basi likachelewa, nikalipa boda ya kurudi, kesho yake nikalipa tena zote mbili. Mjukuu alikuwa ananifuata na daftari, nikalichukua nikalificha.

Mpira ukakaa. Ukakaa jamani, kama ulizaliwa mle. Nikafunga koki kwa vidole viwili, nikasimama pale karibu saa nzima nikiitazama. Hata tone.

Imebaki mipira 99. Mama Kulwa akaniuliza nitaifanyia nini, na mimi nikamwomba lile kopo la maziwa ya unga la mjukuu mdogo likiisha asilitupe. Hakunijibu, lakini asubuhi nilikuta limeoshwa, limefunikwa, liko mlangoni pangu. Nimeitunga kwenye waya. Nimeongeza nati mbili nilizookota, na tepu nyeupe iliyobaki nusu.

Juzi jioni hodi ikapigwa. Yule yule jirani aliyenikuta uani usiku.

"Baba Kulwa, nasikia una mipira ya koki."

Nikamkaribisha. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikafungua mfuniko polepole. Nikamtazama.

"Umekuja na sampuli?"

Hana. Na koki yake ya kwenye mita nayo imeganda. Jana saa nane za usiku nilitoka kujisaidia, nikamsikia upande wa pili wa ukuta, anaomba kwa sauti ya chini.