Kwa nini mgonjwa hamwambii daktari wake?

Mwaka 1993 daktari Mmarekani David Eisenberg na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahoji Wamarekani 1,539 kwa simu kuhusu tiba wanazotumia nje ya zile za hospitali. Mmoja kati ya watatu alikuwa ametumia walau moja katika mwaka uliopita: mitishamba, kukandwa, mlo maalumu, mazoezi ya kutuliza mwili, vitamini kwa wingi. Idadi hiyo ndiyo iliyozungumzwa sana. Iliyonikaa mimi ni nyingine, na nimeirudia mara nyingi: asilimia 72 ya waliotumia tiba hizo hawakumwambia daktari wao.

Wengi wakiisoma humwona mtu aliyeipa hospitali kisogo. Lakini utafiti huohuo unasema kwamba kati ya waliotumia tiba hizo kwa ugonjwa mkubwa, asilimia 83 walikuwa wakimwona daktari kwa ugonjwa uleule. Yaani walikaa mbele yake, wakapimwa, wakaandikiwa dawa, kisha wakaenda kuzinywa sambamba na vitu ambavyo yeye hakuvijua. Utafiti uliporudiwa mwaka 1997, watumiaji walikuwa wamepanda kutoka asilimia 34 hadi 42. Kiwango cha kumwambia daktari kilikuwa palepale.

Ni mgonjwa huyu ninayeona hatendewi haki kila tiba asili inapojadiliwa. Anachorwa kama mtu aliyelaghaiwa, anayesubiri kuelimishwa. Mara nyingi ni mtu anayeijali afya yake kuliko wengi wetu. Anasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Amepunguza chumvi na sukari bila kulazimishwa, analala mapema, anatembea kwa miguu. Akiugua, anataka awe na la kufanya kwa mikono yake mwenyewe, zaidi ya kumeza kidonge na kungoja tarehe ya kurudi kliniki. Daktari yeyote angemtamani mgonjwa wa namna hiyo, na ndiye anayenyamaza.

Ananyamaza kwa sababu zinazoeleweka. Mara nyingi hakuulizwa. Au aliulizwa kama anatumia dawa nyingine, akajibu hapana kwa moyo safi kabisa, kwani majani anayochemsha kila jioni kwake ni kinywaji, na unga anaonyunyizia kwenye sahani ni chakula. Wapo pia waliowahi kusema, wakaona uso wa daktari ukibadilika. Mtu akishakemewa mara moja hasemi tena. Anachojifunza ni kuficha vizuri zaidi.

Upande wa madaktari unastahili kusikilizwa, maana hofu yao haitokani na kiburi. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa sana na watu wenye sonona, huliamsha ini livunjevunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba uliteremsha kiwango cha indinaviri, dawa ya virusi vya ukimwi, kwa zaidi ya nusu. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba, na ya siklosporini, dawa inayouzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Balungi hufanya kinyume chake: hukizima kimeng'enya cha utumbo ambacho huvunja dawa, hivyo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kolesteroli huingia kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia aliyeziandika. Hilo liligunduliwa Kanada kwa bahati tu, watafiti walipotumia juisi yake kufunika ladha ya pombe katika jaribio lililohusu jambo jingine.

Upo na mfano wa Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake waliokuwa wakipewa mchanganyiko wa mitishamba ya kupunguza uzito waliharibikiwa figo, kwa kuwa mahali pa mmea uliokusudiwa palikuwa pamewekwa kimakosa mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu. Pale hata mgonjwa msema kweli kuliko wote asingejiokoa. Kilichohitajika ni ukaguzi wa kile kilichomo ndani ya pakiti, na katika hilo sina ubishi na wanaotaka sheria kali.

Lakini mifano mingine yote inashabihiana kwa jambo moja: ili madhara yatokee, ilibidi daktari asijue. Hypericum ikitajwa mapema, dawa hubadilishwa au mgonjwa huombwa auache mmea huo. Ni mazungumzo ya dakika chache.

Katika saratani, ukimya huu huwa mzito zaidi. Mwaka 2018 daktari Skyler Johnson na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake, kwa saratani ambazo bado zingeweza kutibika, walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitalini. Hilo halina utetezi. Mwaka huohuo walitoa utafiti wa pili, kuhusu waliopata tiba ya hospitali na kuongeza nyingine juu yake. Hao nao walikuwa na hatari ya kufa kama mara mbili ya waliopata tiba ya hospitali tu, na tangu hapo takwimu hiyo imekuwa rungu la kuwapigia wote wenye mitishamba kabatini. Wanaoishika husoma nusu yake. Watafiti walipozingatia nani alikataa au kuchelewesha upasuaji, mionzi, dawa za saratani au tiba ya homoni, tofauti ilipungua, na haikuwa tena ya uhakika kitakwimu. Ni utafiti wa kumbukumbu za wagonjwa, haumalizi mjadala, ila unaonyesha kwamba hatari ilifuatana na tiba iliyokataliwa, wala si ile iliyoongezwa. Basi swali la kujiuliza ni nini kinamfikisha mtu kwenye kukataa. Naamini mara nyingi ni kwamba chumba alichosikilizwa hakikuwa cha daktari.

Kuhusu chakula ubishi ni mdogo zaidi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa. Waliobadili mlo, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, kwa asilimia 31. (Na metformini yenyewe ina asili yake katika mmea, Galega officinalis.) Wanaolalamika kwamba tiba jumuishi, ile inayochanganya ya hospitali na mbadala, huvificha vitu visivyothibitishwa nyuma ya mboga na matembezi wana hoja. Mlo bora umethibitishwa, haupaswi kuibeba mgongoni homeopathia, tiba ya dawa zilizozimuliwa mno. Ila mchanganyiko huo ulipata nafasi kwa sababu kliniki nyingi ziliacha mazungumzo ya chakula mikononi mwa wengine, na hao wengine walikuwa na chupa za kuuza.

Yupo daktari mmoja ambaye tayari huuliza, naye ni yule wa nusukaputi. Kabla ya upasuaji anataka kujua kila kitu: kitunguu saumu cha vidonge, mmea wa ginkgo, chai za kulala. Huuliza bila kukunja uso, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo vinaweza kuongeza kutokwa na damu, na vingine vinaweza kuuongeza usingizi wa dawa zake. Mgonjwa naye humjibu, hata kwa yale aliyomficha daktari wake wa kila mwezi. Nimejiuliza kwa nini swali hilohilo, kwa sauti ileile, lisiulizwe kwenye kliniki ya shinikizo la damu, ambako mtu huenda anakunywa dawa na majani kwa pamoja kwa miaka ishirini.