Baba yake Bastian ameachwa mezani

Filamu ya The NeverEnding Story ilipotoka mwaka 1984, mwandishi wa riwaya iliyoizaa, Michael Ende, aliikana waziwazi. Alikwenda hadi mahakamani, akashindwa. Tangu wakati huo wapo wanaosema mzee alikuwa na kinyongo tu, na wapo wanaosema filamu iliiba jina la kitabu ikakitupa moyo wake. Nimeirudia filamu, nikakirudia kitabu, na naona ugomvi wenyewe umewekwa mahali pasipo pake.

Lawama kubwa ni kwamba mwongozaji Wolfgang Petersen alichukua takribani nusu ya kwanza tu ya riwaya. Kwa hilo mimi simlaumu. Kitabu hicho, kilichotoka Ujerumani mwaka 1979, kina sura 26, kila moja ikianza na herufi inayofuata ya alfabeti, na kimechapwa kwa wino wa rangi mbili ili msomaji ajue lini yuko duniani na lini yuko Fantasia, nchi ya kufikirika iliyo ndani ya kisa. Utamu wa namna hiyo ni wa karatasi, hauhamishiki. Tena nusu hiyo ya kwanza inajitosheleza: Utupu unaimeza nchi, kijana Atreyu anatumwa kutafuta dawa ya Malkia wake, na Bastian, mtoto anayesoma kisa hicho darini, anagundua kuwa dawa iko kinywani mwake, ampe Malkia jina jipya.

Kuna hata mahali filamu imekipiku kitabu. Kwa Ende, Artax, farasi wa Atreyu, anasema. Anapozama katika Kinamasi cha Huzuni, anaeleza mwenyewe kwamba hana tena hamu ya kuishi, na anamwomba Atreyu aende zake asiuone mwisho wake. Katika filamu farasi ni farasi. Atreyu anavuta hatamu, anabembeleza, anafoka, analia, na mnyama anamtazama tu huku tope likimpanda shingoni. Nimewaona watu wazima wakigeuza uso hapo.

Lakini mwisho wa filamu unanisumbua. Bastian anapanda joka la bahati, analitoa Fantasia, anapita nalo barabarani akiwafukuza wale watoto waliokuwa wakimwonea. Ukumbi unashangilia. Najua kwa nini, na aliyewahi kuonewa shuleni hawezi kuidharau furaha hiyo. Ila kitabuni kuna mbwa mwitu, Gmork, anayemfunulia Atreyu siri ya kutisha: viumbe wa Fantasia wakivutwa na Utupu hadi duniani kwa watu, hugeuka uongo. Riwaya nzima imesimama juu ya onyo hilo, na filamu inafunga kwa kulileta joka mjini kama zawadi.

Jingine ni gharama. Kwa Ende, kila ombi la Bastian linapotimia linamnyang'anya kumbukumbu moja ya kwao, hadi analisahau jina lake mwenyewe. Katika filamu anaomba bure. Msimulizi anatuambia kwa sentensi moja kwamba aliomba mengi mengine, akaona makubwa mengi, kisha akarudi kwenye dunia ya kawaida, na kwamba hicho ni kisa kingine. Watetezi wanaishika sentensi hiyo kama ushahidi kwamba hakuna kilichokanushwa. Ni kweli, hakikukanushwa. Lakini kilichorukwa ndicho jibu la swali ambalo filamu yenyewe ililiuliza mwanzoni.

Maana filamu inaanza na kifungua kinywa. Mama yake Bastian amefariki. Baba hajui aseme nini na mwanawe, anamwambia aache ndoto, akanyage ardhi, asichore farasi kwenye daftari la hesabu. Kisha baba huyo hatumwoni tena. Riwaya inamrudisha Bastian kwake, amweleze yote, na yule mtu aliyeganda kwa msiba analia mbele ya mwanawe.

Dakika mbili zingetosha. Joka libaki kwao, mlango wa nyumba ufunguliwe, na baba ainue uso kutoka pale mezani.