Paundi 235 za Kugongewa Mlango

Hapa Uingereza mtu anaweza kutozwa paundi 235 kwa kugongewa mlango tu. Mgongaji si lazima aingie ndani, si lazima abebe hata kijiko. Akishafika kibarazani, ada imeshaingia kwenye hesabu. Watu wetu wengi huijua siku wanapoikuta kwenye karatasi, deni lililoanza na miezi miwili likiwa limeota mkia mrefu kuliko mwili.

Deni lenyewe ni la kodi ya halmashauri. Kodi hiyo ilianza Aprili 1993, ikachukua nafasi ya kodi ya kichwa iliyochangia kumng'oa waziri mkuu Margaret Thatcher. Nyumba za England zimepangwa madaraja manane, A hadi H, kwa thamani ya mwaka 1991. Mtu aliyetoka kwetu hujikwaa mahali pamoja: anayelipa ni anayeishi ndani, si mwenye nyumba, isipokuwa katika nyumba zinazopangishwa chumba kimoja kimoja. Tanzania, tangu 2021, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme umeshalipa, na kuisahau huwezi hata ukitaka. Huku bili huja kwa barua kabla ya Aprili, imegawanywa mafungu kumi, na ukidhani imo ndani ya kodi ya pango hakuna wa kukushtua mpaka umeshachelewa.

Ninayoyaandika hapa ni ya England. Wales inafanana nayo kwa mengi, ingawa tangu Aprili 2019 haimfungi mtu jela kwa deni hili, na England bado sheria inaruhusu kifungo cha hadi miezi mitatu. Scotland ina utaratibu wake kabisa.

Kisheria wanaofika mlangoni wanaitwa mawakala wa utekelezaji. Kila mtu anawaita mabeilifu. Ukimweleza mtu wa Dar es Salaam atakwambia, "Aa, dalali wa mahakama," na hatakuwa mbali sana na ukweli. Tofauti ni kwamba huku si lazima umwone hakimu ana kwa ana ndipo dalali aje. Halmashauri inapeleka majina kwa mamia mahakamani siku moja, na asiyefika anaandikiwa amri ya deni bila kuwapo. Amri ile ndiyo ufunguo. Ikishatoka, halmashauri inaweza kukukata mshahara, kukukata posho ya serikali, au kumpa beilifu kazi.

Tuchukue mfano wa kodi ya paundi 1,560 kwa mwaka, yaani 156 kila mwezi kwa miezi kumi. Umelipa Aprili na Mei, Juni ukayumba. Unatumiwa ukumbusho, na usipolipa ndani ya siku saba, zikipita nyingine saba unapoteza haki ya kulipa kwa mafungu. Sasa unadaiwa mwaka mzima uliobaki, paundi 1,248. Yule aliyeshindwa kutoa 156 anaambiwa atoe elfu moja na zaidi kwa mkupuo. Inakuja hati ya kuitwa mahakamani na gharama zake, tuseme 90. Deni likipelekwa kwa beilifu, barua yake ya kwanza ni 75. Akija mlangoni, 235. Nyongeza yote ni paundi 400, na hata mwezi wa tatu wa kutolipa haujafika bado pale mafungu yalipofutwa.

Ada hizo hazitoki kichwani mwa beilifu. Kanuni za 2014 zilizipanga hatua kwa hatua: 75 faili linapofunguliwa, 235 anapofika nyumbani mara ya kwanza, 110 ikifikia kubeba na kuuza mali. Katika hizo mbili za mwisho huongezwa asilimia 7.5 ya kile kiasi cha deni kinachozidi paundi 1,500.

Na hapa lazima niwatendee haki mabeilifu, ingawa najua baadhi ya wasomaji wangu wangependa nisifanye hivyo. Kabla ya Aprili 2014 hali ilikuwa mbaya zaidi. Ada zilikuwa zinahesabiwa kwa ziara, kwa gari lililofika kubeba mali, kwa gharama "za wastani" ambazo wastani wake aliujua mwandishi wa ankara peke yake. Mdaiwa hakuweza kukaa na kalamu akajua anadaiwa nini. Leo anaweza. Beilifu akirudi mara tano, 235 inabaki ile ile. Ukiwa na amri mbili za deni zinazoweza kushughulikiwa pamoja, ada ya kuja nyumbani inatozwa mara moja, ingawa zile 75 zinaweza kutozwa kwa kila amri. Anayekuandikia "ada ya ziara ya pili" anakuibia, na una karatasi ya sheria ya kumwonyesha.

Halmashauri nazo zina hoja. Kodi hii ndiyo inayolipia wazee wanaotunzwa majumbani, takataka, maktaba zilizosalia. Takriban asilimia 96 ya kodi ya mwaka hukusanywa ndani ya mwaka ule ule, lakini malimbikizo ya England nzima yalikuwa yamefika takriban paundi bilioni 6 mwishoni mwa Machi 2024. Afisa wa mapato atakuuliza: gharama ya kumfuata asiyelipa aibebe nani, jirani yake aliyelipa kwa wakati? Kwa kawaida halmashauri haimlipi beilifu chochote; riziki yake inatoka kwa mdaiwa. Kwa mwenye bajeti iliyobana huo ni mpango mtamu. Na tusijidanganye, wapo wenye uwezo kabisa wanaochezea barua mpaka waone mtu mlangoni.

Lakini huo utamu ndio unaonitia shaka. Ukimlipa mtu 75 kwa kumaliza jambo kwa simu na 310 kwa kulimalizia mlangoni, usishangae simu zake zikiwa fupi na miguu yake mirefu. Sisemi kila kampuni inafanya hivyo. Nasema mizani imewekwa upande mmoja.

Halafu ada ya namna moja kwa wote haiwi sawa kwa wote. Mwenye deni la paundi 250 akitembelewa anaongezewa 310, zaidi ya deni lenyewe. Mwenye deni la 6,000 anaongezewa 647 na nusu, kama asilimia 11. Wenye mikokoteni wanalipia barabara kuliko wenye malori. Watetezi wa mfumo wanajibu kwamba kumfuata mdaiwa mdogo kunakula mafuta na muda ule ule, na ni kweli. Ila jibu hilo linahesabu gharama za mfuataji tu.

Gharama za mahakama nazo zina kisa chao. Mchungaji Paul Nicolson wa Tottenham, mzee aliyezoea kupigania maskini, alikataa kwa makusudi kulipa kodi yake ili apate nafasi ya kuuliza kwa nini halmashauri yake ya Haringey inamtoza kila mdaiwa paundi 125 za gharama. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakubaliana naye: mahakimu waliidhinisha kiasi kile bila kuwa na maelezo ya kutosha ya jinsi kilivyopatikana. Hukumu ile haikufuta gharama, lakini ilimpa kila mtu haki ya kusimama na kuuliza mchanganuo. Wanaosimama ni wachache mno.

Sasa turudi mlangoni, maana hapo ndipo watu huumia kwa kutojua. Kwa deni la kodi hii beilifu haruhusiwi kuvunja mlango katika ziara ya kwanza. Anaingia kwa amani tu: mlango uliofunguliwa au ambao haukufungwa, basi. Dirisha haruhusiwi. Saa zake ni kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi tatu usiku. Akimkuta nyumbani mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake, hawezi kuchukua kitu. Kwa hiyo unaweza kuongea naye kupitia dirisha la ghorofani, na kwa watu waliolelewa kumkaribisha hata asiyependwa, hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mama zetu wanamfungulia kwa sababu ya haya, wanampa kiti. Akishaingia anaorodhesha televisheni na makochi, anakupa mkataba utie sahihi kwamba mali hiyo iko chini ya mamlaka yake ila inabaki kwako ukilipa kidogo kidogo. Ukiuvunja mkataba huo, baada ya kukupa notisi anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Karibu ile ya mwanzo ndiyo iliyofungua njia.

Gari la nje ni habari nyingine. Hilo halihitaji ukarimu wa mtu. Anaweza kulifunga cheni kwenye tairi likiwa mbele ya nyumba. Jiko, friji, mashine ya kufulia na vitanda vinalindwa. Vifaa vya kazi vinalindwa pia, ila kwa thamani isiyozidi paundi 1,350 kwa jumla, na gari la maana linalouzwa bei hiyo leo sijui utalitafuta wapi. Mlezi wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba gari lake ndilo jembe lake. Ukilichukua umechukua na uwezo wa kulipa.

Kuna kifungu ambacho natamani kibandikwe kwenye kila msikiti na kila kanisa letu huku. Miongozo ya kitaifa ya kazi hii, ya mwaka 2014, inawataja watu wanaoweza kuhesabiwa kuwa katika mazingira magumu: wagonjwa sana, wajawazito, waliofiwa karibuni, mzazi anayelea peke yake, na pia mtu mwenye shida dhahiri ya kuelewa, kuzungumza au kusoma Kiingereza. Na kanuni za ada zinasema kwamba kwa mtu aliye katika mazingira magumu, zile 235 hazidaiki kama hakupewa kwanza nafasi ya kutosha kupata msaada na ushauri. Hakuna atakayekugundua mwenyewe. Lazima useme, na useme kwa maandishi. Najua wanaosema kipengele hicho kinaweza kutumiwa vibaya na mtu anayezungumza Kiingereza cha redioni siku nyingine zote. Kinaweza. Bado naona ni afadhali wachache watumie ujanja kuliko bibi asiyejua anachotia sahihi.

Wenye viza zisizoruhusu posho za umma wana fundo lao. Punguzo la kodi la wenye kipato kidogo linahesabiwa kuwa posho, kwa hiyo kuliomba kunaweza kukuharibia viza. Lakini punguzo la asilimia 25 la anayeishi peke yake si posho, na msamaha wa nyumba yenye wanafunzi wa masomo ya muda wote watupu pia si posho. Wengi wameyaacha yote mawili kwa hofu ya lile moja.

Siwezi kuyapita maneno yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: bandika tangazo mlangoni kwamba umeondoa ruhusa ya kuingia, andika barua kwamba hukuingia mkataba na halmashauri, mlipe halmashauri moja kwa moja na ada itayeyuka. Kodi si mkataba, ni sheria, na haikuhitaji sahihi yako. Kulipa moja kwa moja kunapunguza deni, hakufuti ada iliyokwisha kuingia. Halmashauri nyingi zitakurudisha kwa beilifu kwa kilichobaki. Kinachofanya kazi hakina mbwembwe. Barua ya beilifu inakupa siku saba kamili, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ukikubaliana naye ndani ya siku hizo unabaki na ile 75. Au unakwenda kwa mshauri wa madeni, Citizens Advice kwa mfano, anayeweza kukuombea mapumziko ya siku 60 yaliyoanzishwa Mei 2021, ambamo beilifu anasimama na ada haziongezeki. Kodi ya miezi inayoendelea unaendelea kuilipa.

Je, mabeilifu waondolewe kabisa? Hammersmith and Fulham, London, iliacha kuwatumia kwa kodi hii na haijafunga milango. Lakini makato ya mshahara, ambayo wengi huyaona kuwa njia ya upole, kwa mwenye mishahara miwili midogo na saa zisizotabirika yanaweza kuuma kimya kimya kuliko kelele za mlangoni. Pia nina wasiwasi kwamba halmashauri isiyo na beilifu itakimbilia kufilisi watu, na kumfilisi mtu mwenye nyumba kunaweza kumgharimu maelfu.

Mimi ningeanzia mahali pengine. Ningeondoa ule mkasi wa kugeuza fungu moja lililokosekana kuwa deni la mwaka mzima. Serikali yenyewe mwaka 2025 ilianza kukusanya maoni juu ya kulegeza hapo. Halafu ningegeuza mizani ya ada: beilifu alipwe zaidi kwa deni lililomalizika kwa simu au barua, alipwe kidogo kwa kwenda nyumbani, na ada ya mlangoni isizidi sehemu fulani ya deni. Makampuni yatasema kwamba barua bila tishio la mlango haiogopwi, na pengine yako sahihi kwa wale wenye uwezo wanaojificha. Basi ada kubwa ibaki kwa hao, na mzigo wa kuonyesha kwamba mtu anao uwezo ubebwe na halmashauri kabla haijamtuma mtu mlangoni. Taarifa za mishahara inazo njia za kuzipata. Amri ya deni inaipa haki ya kumtaka mdaiwa aeleze anafanya kazi wapi na anapata kiasi gani. Haki hiyo ingetumika kwanza.